Mbiu ya Jumatano

Kila Jumanne asubuhi, kabla ya kuvaa joho lake la sufu, Bassou alikunywa kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni na kimoja cha asali, akakohoa mara mbili, kisha akamwita bintiye Tuda waijaribu sauti. Tuda, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda kusimama nyuma ya zizi, na baba yake akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Inafika?"

"Inafika, Baba, ila leo inachechemea kidogo."

"Basi niletee asali tena. Na mama yako asijue."

Bassou alikuwa mpiga mbiu wa soko la Taghbalut, mji mdogo wa milimani. Soko lilikuwa siku ya Jumanne tu. Siku nyingine zote kiwanja kilibaki mali ya mbuzi na upepo. Yeye alisimama juu ya jiwe bapa, kati ya wauza chumvi na wauza kondoo, akatangaza kila lililopaswa kujulikana: nyumbu aliyepotea, shamba linalouzwa, harusi ya fulani na fulani, siku ya daktari wa mifugo. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini watu walisema kwamba jambo ambalo Bassou hajalitangaza, bado halijatokea.

Vitu vilivyookotwa navyo vilipitia kwake. Aliyeokota alimletea, naye akatangaza juu ya jiwe bila kutaja alama zote, ili mwenye mali aje azitaje mwenyewe. Kwa mwaka mzima kitu kilitangazwa. Mwaka ukiisha bila mtu kujitokeza, aliyeokota alikuwa huru kukitumia. Tuda alizijua kanuni hizo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

Jumanne moja ya majira ya kupukutika majani, soko lilipokuwa linavunjika, Tuda alikwenda kumfungua nyumbu wao mahali wanapofungwa punda. Kwenye tope, karibu na kwato, akaona kitu kinang'aa. Alikifuta kwa upindo wa nguo yake. Lilikuwa bizimu la fedha la pembetatu, kubwa kama kiganja, lile ambalo wanawake wa huko hulitumia kufungia shali begani.

Mama yake, Izza, aliwahi kuwa na mabizimu mawili kama hayo. Aliyauza mwaka ambao mdogo wake Tuda alilazwa hospitali ya mji mkubwa kwa miezi miwili. Tangu hapo Izza alifunga shali lake kwa pini ya chuma, na kwenye harusi alikaa nyuma, karibu na wapishi, ambako hakuna anayemtazama mtu bega. Hakuwahi kulalamika. Tuda ndiye aliyelalamika kimoyomoyo kwa niaba yake.

Alipaswa kumpelekea baba yake bizimu lile. Hilo hata kuku wa nyumbani kwao walilijua. Lakini akawaza: nikimpa, atalitangaza, na likitangazwa mwenyewe atakuja, na mama atabaki na pini yake. Ndipo wazo likamjia, na kwa kuwa lilikuwa wazo la mtoto wa mpiga mbiu, lilikuja limevaa sheria. Kanuni inasema kitu kitangazwe sokoni. Haisemi kitangazwe siku gani.

Kesho yake, Jumatano, saa sita mchana, watu wote walipokuwa ndani wakila, Tuda alikwenda kwenye kiwanja kitupu. Akapanda juu ya jiwe la baba yake, akaweka mikono kando ya mdomo kama afanyavyo yeye, akasema mara tatu: "Aliyepoteza kitu cha fedha aje ataje alama zake." Waliomsikia ni mbuzi wawili na kondoo mmoja mlemavu, na hakuna aliyetaja alama yoyote. Tuda akateremka akijiona amemaliza wajibu wake. Wiki hamsini na moja zilibaki, kisha mama yake angekaa mbele.

Alilishonea bizimu ndani ya mto wake wa sufu. Usiku wa kwanza lilimchoma sikio. Usiku wa pili aligeuza mto, likamchoma upande wa pili.

Wiki haikuisha vizuri. Jumanne iliyofuata, Bi Itto, mke wa mwenye kinu cha zeituni, alitoa shali lake sandukuni ili alivae kwenye uchumba wa mwanawe, akakuta bizimu moja halipo. Shali hilo lilikuwa limetoka kufuliwa na Hadda, ambaye mji mzima ulimwita Mama Heniya, mjane aliyefua mablanketi na mashali ya watu mtoni. Kumbe siku ile ya soko Mama Heniya alikuwa amelibeba juu ya punda, na hapo kwenye tope ndipo bizimu lilipochomoka. Yeye hakujua. Alisema hakuona bizimu lolote. Bi Itto alisema alilikumbuka vizuri, lilikuwa pale pale begani. Watu walimshauri amwambie Bassou alitangaze. Bi Itto alisimama katikati ya soko, mikono kiunoni.

"Kilichopotea hutangazwa," alisema. "Kilichoibwa hudaiwa. Na ninayemdai huyu hapa."

Mama Heniya alikuwa amesimama na kapu la nguo za watu kichwani. Alilishusha polepole, kana kwamba limekuwa zito ghafla.

Heniya alikuwa rafiki wa Tuda tangu darasa la kwanza. Walikaa dawati moja na kugawana mkate wa shayiri. Sasa Tuda alijua bizimu ni la nani na nani analipia. Bado, siku iliyofuata, ambayo ilikuwa Jumatano, alikwenda tena kwenye jiwe. Alikuwa amejiaminisha kwamba akiacha kupiga mbiu atakuwa mwizi, na akiendelea atakuwa muokotaji tu. Mara hii alinong'ona, na hata mbuzi hawakugeuka.

Alhamisi, shuleni, Mwalimu Lahsen aliandika neno moja ubaoni kwa chaki: HADHARANI. Akawaambia kwamba neno hilo lina maisha mawili. Nyumbani maana yake ni mbele ya watu, pasipo kujificha: mtu hula hadharani, hucheka hadharani. Lakini likiingia mahakamani, hubeba mzigo. Ndoa iliyofungwa kwa siri, mashahidi wakaambiwa wafunge midomo, wanasheria wameikataa, kwa sababu ndoa hutakiwa isikike na majirani. Anayelima shamba miaka kumi mbele ya macho ya jirani, na jirani yupo na amenyamaza, anaweza kusema shamba ni lake. Anayelima kwa kuvizia, hata alime miaka arobaini, hana kitu. Soko nalo ni hivyo hivyo, alisema, na kitu kilichookotwa ni hivyo hivyo.

Kijana mmoja wa nyuma, aliyeitwa Ughzan, akainua mkono akiwa na uso wa mtu mwema. "Mwalimu, na bizimu la Bi Itto, limechukuliwa hadharani au kisirisiri?"

Darasa likacheka. Heniya aliinamia dawati akawa anakwangua wino mkavu kwa ukucha. Mwalimu alimtoa Ughzan nje, akamwambia akahesabu mawe ya ukuta mpaka adabu imrudie. Tuda akajikuta naye ameinua mkono.

"Mwalimu, mtu akitangaza kitu sokoni, mahali penyewe na maneno yenyewe, lakini hakuna aliyesikia. Je, ametangaza?"

"Hakuna aliyesikia kwa bahati mbaya, au alichagua saa ambayo hawatasikia?"

Tuda aliteremsha mkono polepole.

"Sheria haiulizi kama mdomo ulifunguka," mwalimu alisema. "Inauliza kama mwenye haki alipewa nafasi ya kusikia. Swali zuri, Tuda. Linaonyesha wewe ni binti wa nani."



Ijumaa, baada ya swala, wazee walikutana. Kulikuwa na neno la Bi Itto na neno la Mama Heniya, na hakuna shahidi. Katika hali hiyo desturi ya Taghbalut ilikuwa kiapo kwenye kaburi la walii. Anayetuhumiwa huapa, na pamoja naye huapa wanaume wanne wa ukoo wake. Wakiapa, amesafika. Akikosa waapaji, anahesabiwa kuwa amechukua. Mama Heniya alitoka ng'ambo ya mlima. Mumewe alikuwa amekufa, na ukoo wake ulikuwa safari ya siku mbili. Hakuwa na hata mwanaume mmoja. Mzee Zayd, mkuu wa baraza, alimpa mpaka Jumanne, na kila mtu alijua maana yake. Baada ya hapo hakuna nyumba ambayo ingempa nguo tena, na kile chumba alichopanga kwa kaka yake Bi Itto angetakiwa kukiacha. Heniya alimwambia Tuda jioni hiyo kwamba mama yake ameshaanza kufunga vyombo.

"Utaniandikia?" Heniya aliuliza.

Tuda alisema atamwandikia. Alihisi kama mtu aliyeingia ndani ya mtego wa panya kwa miguu yake mwenyewe, na mlango ulikuwa umefungwa kwa mkono wake mwenyewe. Akisema, baba yake, ambaye mji mzima ulimwamini kwa vitu vilivyopotea, angeonekana amelea mwizi. Asiposema, rafiki yake angeondoka akiitwa mtoto wa mwizi. Kila alikogeukia, alikuta ukuta.

Jumapili jioni, wakila mkate na supu ya dengu, Bassou aliweka kipande chake chini akasema kwamba yeye ataapa.

"Wewe si wa ukoo wake," Izza alisema.

"Mzee Zayd anasema asiye na ndugu anaweza kusimamiwa na mtu yeyote mwenye jina zuri. Nimeshapata wengine watatu. Mimi ni wa nne." Alifuta midomo. "Yule mama nimemwona miaka tisa. Amewahi kunirudishia kifungo cha joho."

Kisha akakitamka kile kiapo, taratibu, ili mkewe ampime kama anakikumbuka sawasawa: kwamba mkono wa mwanamke huyo haukukigusa kitu hiki, wala mkono wangu haukukigusa, wala hakimo chini ya paa lake, wala hakimo chini ya paa langu.

Bakuli la Tuda lilimteleza mkononi, supu ikamwagika mkekani. Mama yake alimuuliza kama anaumwa. Alisema ndiyo, akaenda kulala na kichwa nje ya mto. Baba yake angesimama mbele ya walii na mbele ya watu wote, akaape uongo bila kujua, na uongo wenyewe ulikuwa umeshonewa kwa uzi wa Tuda. Watu wa kule waliogopa kiapo cha uongo kuliko ukame. Hofu aliyokuwa nayo kwa ajili yake mwenyewe ikawa ndogo kuliko hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya baba yake.

Jumatatu, baada ya shule, alimkuta Bassou uani akishona tandiko la nyumbu. Akaja na mto wake, akakaa chini, akaanza kufumua mshono. Baba yake alidhani ni mchezo. Bizimu lilipoangukia mavumbini kati yao, aliacha sindano ikining'inia.

"Usiape, Baba," Tuda alisema, akalia, na katikati ya kilio akasema yote: tope, pini ya mama, jiwe, Jumatano mbili, mbuzi.

Bassou hakumpiga wala hakupaza sauti, naye alikuwa mtu wa sauti. Aliliokota bizimu, akalipangusa vumbi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Izza alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi. Alikuwa amesikia. Tuda alimwambia kwamba alitaka liwe lake, akae mbele kama wanawake wengine.

"Ningelivaa wapi, Tuda?" mama yake aliuliza. "Zizini?" Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Tuda zaidi.

Tuda akaona bado kuna tundu moja la kutokea. Alisema wanaweza kulirudisha kwenye tope, mtu mwingine aliokote kesho, aibu iishe bila mtu kuaibika. Bassou akatikisa kichwa.

"Watasema Mama Heniya ameogopa kiapo, akalitupa usiku. Atakuwa mwizi mpaka kufa, na safari hii bila hata nafasi ya kuapa. Yule ametiwa doa mbele ya soko zima, mwanangu. Hawezi kufutwa doa sikioni mwangu."

"Basi utangaze wewe, Baba."

"Mimi sikuokota kitu."

Jumanne Bassou hakunywa asali. Walikwenda pamoja, wote watatu, soko likiwa limejaa mpaka kwenye kona za wauza kuku. Mama Heniya alikuwa kwenye njia ya kaburini na wale waapaji watatu, Heniya kando yake. Bassou alipanda juu ya jiwe, akaita watu wasikilize, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane sauti yake ikakatika. Akasema: leo kuna mbiu, lakini mwenye mbiu ni mwingine. Akashuka, akamshika Tuda kiwiko, akampandisha.

Kutoka juu ya jiwe watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani, na wote walikuwa na macho. Sauti ya kwanza haikufika hata kwa wauza chumvi. Mtu akasema, "Paza, binti." Akapaza.

"Jumanne mbili zilizopita niliokota kitu cha fedha penye punda. Sikukileta. Nilikitangaza Jumatano, wakati hakuna mtu, ili mwenyewe asisikie. Mama Heniya hakukigusa. Baba yangu hakujua. Ni mimi, Tuda wa Bassou. Aliyekipoteza aje ataje alama zake."

Bi Itto akasogea mbele, akataja: nyuma kuna mkwaruzo wa tarakimu mbili za sonara, na juu punje moja ya marijani nyekundu imetoka. Ilikuwa hivyo. Akapewa bizimu lake, akalifunga kwenye kitambaa, akageuka aondoke. Fimbo ya Mzee Zayd ikamzuia njia.

"Siku ile ulimtaja mwenzako ukiwa umesimama wapi, Bi Itto?"

"Hapa hapa sokoni."

"Basi jiwe liko wazi."

Bi Itto alipenda sana heshima yake, na alikuwa mnene, na jiwe lilikuwa refu. Lakini alipanda. Alisema kwamba Hadda, mama yake Heniya, hana deni la neno wala la kitu, na kwamba yeye, Itto, alimsingizia. Mama Heniya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alijibu.

Bassou akavua kilemba, akawaambia wazee kwamba nyumba yake imeficha kitu kilichookotwa, na kama wanamtaka mpiga mbiu mwingine, hatanung'unika. Ni muuza chumvi, mtu asiye na cheo chochote, aliyejibu kwa niaba yao.

"Aliyetangaza aibu ya nyumba yake mwenyewe, sisi atatuficha nini? Mpeni maji mzee wa watu, aendelee. Nina nyumbu amepotea."

Watu wakapumua, wakacheka. Wazee waliamua kwamba Tuda atamsaidia Mama Heniya kufua mtoni kila siku isiyo ya shule hadi zeituni ziishe kuvunwa. Tuda aliikubali adhabu hiyo haraka mno, hata Mzee Zayd akamuuliza kama ameielewa.

Heniya hakuja kumkumbatia. Alisimama mbali, akamtazama kwa uso ambao Tuda hakuuzoea, kisha akashika kamba ya punda. Ilikuwa haki yake, na Tuda alijua itachukua muda.

Bassou alimsogelea bintiye, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, ya mtu asiyejali nani anasikia.

"Ulisimama mahali pangu, ukasema maneno yangu, mara tatu kama mimi. Ulikosea kitu gani?"

"Siku, Baba."

"Si siku. Kuna mtu mmoja uliyemkwepa: mwenye mali. Na mbiu yote hii, jiwe, soko, mwaka mzima wa kutangaza, vimewekwa kwa ajili ya huyo mmoja tu. Ukifanya jambo, jiulize ni nani usiyetaka akuone. Ukimpata huyo, jambo hilo umeshalijua. Liache, au nenda kamwambie yeye wa kwanza."

"Naam, Baba."

"Mimi sasa nina nyumbu wa watu wa kutafuta," alisema, akajifunga kilemba, akapanda juu ya jiwe.

Mama Heniya alikuwa ameshageuza punda kuelekea mtoni. Tuda aliliona kapu lao la nguo lililobaki chini, akajitwika kichwani, akawafuata.